Nilivyoifuta Barabara Namba Kumi na Nne

Tuliachana wiki jana nikiwa nimejibanza nyuma ya pazia la ukumbi wa baraza, nawachungulia madiwani wakipiga kura. Ishirini na mmoja walinyoosha mikono, wawili walikuwa wamesinzia, mmoja alikuwa msalani. Barabara Namba Kumi na Nne ikaondolewa kwenye Kanuni za Eneo la Viwanda. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikateremka chumba cha ramani, nikajifungia na kucheza peke yangu bila muziki.

Leo nawaeleza nilichokuwa nakishangilia.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza, mimi ni mchoraji ramani wa jiji. Miaka kumi na sita nimekaa chumba cha chini na wenzangu watatu, tunachora barabara ambazo nyingi hazijengwi. Kumi na Nne ilikuwa mojawapo. Ilipangwa kabla sijaota ndevu, ipite kati ya kiwanda cha sabuni na kiwanda cha misumari. Greda halikuja. Pakabaki ukanda mtupu kati ya kuta mbili ndefu, na watu wasio na pa kukaa wakajenga humo, nyumba kumi na moja, moja nyuma ya nyingine.

Nyumba ya sita ni ya mama mkwe wangu. Ndimo ninamoishi, mimi, mke wangu na pacha wetu. Wanaonifuata tangu mwanzo wanakumbuka tulivyotolewa vyombo nje na mwenye nyumba, tukaenda kujisitiri ukweni kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo sasa zina miaka kumi na moja.

Sitasahau maneno aliyoniambia mama mkwe siku ya posa. "Binti yangu mchukue, nimeridhia. Lakini ujue sisi tunakaa njiani. Siku wakija na greda, kabati unabeba wewe."

Kwa miaka thelathini hakupiga lipu ukuta hata mmoja. Fundi akimshauri, alimjibu, "Nipige lipu ya nini? Barabara inakuja." Dari hakuweka. Mlango wa mbele ulikuwa wa mabati, wa kufungwa kwa waya. Mwanamke huyo aliishi maisha yake yote akiwa amekaa upande upande, kama mgeni aliyeambiwa asubiri.

Ndiyo maana niliposikia baraza linataka orodha ya barabara zilizopangwa na hazikujengwa, ili zifutwe, niliiweka Kumi na Nne juu kabisa.

Hapo kuna jambo sikuwaambia wiki jana. Sikuwaambia kwa sababu niliona aibu. Kwenye fomu ya kuandaa marekebisho kuna swali: je, mwandaaji ana maslahi binafsi katika eneo husika? Ukijibu ndiyo, kazi anapewa mwingine. Mimi niliweka alama kwenye "hapana". Ofisini wanajua nakaa kwa dada yangu. Anwani hiyo niliiandika mwenyewe siku naajiriwa, nikaiacha.

Basi furaha yangu ilikuwa ya kufungiwa chumbani. Nyumbani nilirudi uso umekauka.

"Umesikia?" mke wangu alinipokea mlangoni. "Barabara wameifuta!"

"Barabara ipi?"

"Baba Pacha! Unafanya kazi kulekule, habari zinatufikia sisi kabla yako?"

Ndani kulikuwa kumejaa. Majirani wa nyumba zote kumi na moja walikuja, waliobaki bila kiti wakakaa kitandani kwa mama. Mama mkwe alisimama katikati, kilemba kimelegea, analia bila kujificha.

"Sijui ni nani," alisema. "Kuna mtu mmoja huko ofisini, ameshika kalamu, akatukumbuka sisi. Simjui sura wala jina. Mungu amuweke. Amzidishie. Mikono yake isiumwe."

"Amina!" wakaitika.

Na mimi nikaitika amina. Nilikuwa najiombea mwenyewe, na nilijisikia vizuri mno.

Usiku ule mke wangu hakunipa raha. "Unaona," alisema akikunja nguo za watoto, "kumbe kwenye ofisi yenu kuna wanaume wanaofanya kazi. Wewe kila siku unaniambia umepaka rangi mito."

Nilitaka kusema. Wallahi ulimi ulinifika kwenye meno. Lakini nilijua mke wangu akiambiwa siri saa mbili, saa tatu anayo mwenye duka. Nikauma shuka, nikalala.

Wiki mbili zilizofuata, mama mkwe aligeuka mtu mwingine. Alileta fundi, akapiga lipu kuta zote, ndani na nje. Akanunua mlango wa mbao wenye kitasa. Akaweka dari sebuleni, akawa anakaa chini yake mchana kutwa akiitazama. Pacha wakiingia na mpira, alikuwa akiwafukuza. "Tokeni! Hii sasa ni nyumba."

Nami nilikuwa nikipita mbele ya ukuta ule mweupe nikijisemea moyoni, kazi yako hiyo, bwana.

Jumamosi moja asubuhi nikiwa nanyoa ndevu, nikasikia hodi.

"Karibu, baba," mama mkwe aliitikia. "Umetoka kwa watu wa umeme?"

"Hapana, mama. Mimi ni mpima ardhi. Nimetumwa na viwanda, cha sabuni na cha misumari."

Nikachungulia dirishani na povu langu usoni. Roho ikaruka. Mpima yule namfahamu, kila Jumatano anakuja mezani kwangu kuchukua nakala za ramani. Angeniona tu, angesema, "Ah, Mchoraji, kumbe unakaa hapa!" Na Jumatatu angelisema hilohilo ofisini.

Sikuwaza mara mbili. Nikala kona hadi chooni, nikaweka komeo. Choo chetu kiko uani, kina matundu juu ya mlango. Niliyoyasikia niliyasikia nikiwa nimesimama juu ya ndoo.

"Unapima nini tena?" mama mkwe aliuliza. "Barabara si imefutwa?"

"Imefutwa, mama. Ndiyo maana nimekuja."

Alikuwa na vibarua wawili. Mmoja alishika mkanda mlango wa mbele, mwingine akaupitisha sebuleni hadi mlango wa uani. Mwenyewe alikuwa anakagua kwa chombo chake cha miguu mitatu. Kisha nikasikia kopo la rangi linatikiswa.

"Wewe! Unachora nini kwenye sakafu yangu?"

"Mpaka, mama. Usihofu, ni mstari tu. Upande wa kushoto ni wa kiwanda cha sabuni. Wa kulia ni wa misumari."

"Na upande wetu?"

"Mama, ziko pande mbili tu."

Hata kuku waliacha kuparura.

"Sikuelewi, mwanangu," mama mkwe alisema taratibu. "Kitanda changu kile pale. Kiko wapi?"

"Kitanda kiko kwa sabuni, mama."

"Na jiko?"

"Jiko ni la misumari."

"Kabati?"

Mkanda ukavutwa tena. "Kabati limekalia mstari. Hilo itabidi wazungumze wenyewe."

Mke wangu akaingilia. Sauti yake ikipanda, hata mtaa wa pili wanazima redio. "Nani amesema? Nionyeshe karatasi!"

Mpima akamsomea. Alisoma bila ubaya, mtu anayesoma kazi yake. Aya ya kwanza naijua kwa moyo: Barabara Namba Kumi na Nne inaondolewa kwenye Kanuni. Ya pili, ramani itarekebishwa ipasavyo. Halafu akasoma ya mwisho: "Ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara hiyo itaunganishwa na viwanja vya viwanda vinavyopakana nayo, kila upande nusu, mstari wa katikati ukiwa mpaka."

Ndoo iliteleza chini yangu. Nilishika bomba.

Ndugu msomaji, nikuambie tunavyofanya kazi. Ofisini kwetu hakuna anayeandika marekebisho kutoka kichwani. Unatafuta ya zamani yaliyopita salama, unavua namba ya zamani, unavisha mpya, unapeleka juu. Mwanasheria akikuta maneno aliyoyazoea anaweka saini, akikuta neno geni anakurudishia faili. Mimi nilichukua yaliyofuta Barabara Namba Tisa. Nikaondoa tisa, nikaweka kumi na nne. Aya ya kwanza niliisoma labda mara arobaini, kwa raha tu. Ya mwisho sikuisoma, kwa sababu ipo kila mara na haijawahi kumdhuru mtu. Barabara Namba Tisa ilikuwa na majani na mbuzi wawili.

Na sasa nilielewa, nikiwa chooni, jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Kumi na Nne ilipokuwa kwenye kanuni, ukanda ule haukuwa wa mtu. Sabuni hawakuweza kuugusa, wala misumari. Barabara tuliyoiogopa ndiyo iliyokuwa inatulinda, na ilitulinda vizuri kwa sababu haikuwa na nia ya kuja. Mimi nikaenda nikaiua.

"Tuna muda gani?" mke wangu aliuliza.

"Siku tisini. Kisha kila kiwanda kitasogeza ukuta wake hadi mstarini."

"Na nani aliandika hii?"

"Baraza, dada."

"Baraza ni watu ishirini na nne, hawashiki kalamu moja. Nakuuliza nani aliandika."

"Mimi mpima tu, dada yangu. Haya mambo huandaliwa kule chumba cha chini, cha ramani."

"Chumba cha chini! Mume wangu si yuko hukohuko! Baba Pacha! Baba Pacha, njoo usikie!"

Nikakohoa. "Tumbo!" nilisema, kwa sauti nyembamba ambayo sikuijua.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu sasa hivi."

Nilikaa mle hadi vibarua wakaondoka. Nilipotoka, povu lilikuwa limenikaukia shavuni na mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni, miguu huku na huku ya mstari mwekundu, chini ya dari yake mpya. Hakulia. Alikuwa anakwangua rangi kwa ukucha.

Siku ile sikuweza kumtazama. Nasema wazi, sijawahi kujichukia kama vile.

Jumatatu niliingia kwa Mkuu wetu kabla hajamaliza chai. Mkuu ni mtu wa kuchonga penseli. Hachori kitu, lakini mezani kwake ziko ishirini, zote kali.

"Mkuu," nikaanza, "hivi marekebisho yakishapita, yanaweza kurudishwa?"

"Yapi?"

"Yoyote. Nauliza kwa kujifunza."

"Yanaweza, kama kuna kosa." Alifunua faili iliyokuwa juu ya meza. "Kwa mfano hii Kumi na Nne yako. Haina kosa. Nimeisoma yote."

"Yote?"

"Hadi mwisho. Aya ya mwisho ndiyo tamu kuliko zote. Viwanda vimeshanipigia simu kushukuru."

"Lakini pale si kuna watu wanaishi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Watu gani? Kwenye ramani hakuna nyumba hata moja. Na ramani ile umechora wewe."

Kweli nilichora mimi. Kila mwaka tunapoihuisha ramani ya viwanda, nilikuwa nikiziruka nyumba zile kumi na moja makusudi, nikapaka rangi ya ardhi tupu, ili asije mtu akaziona na kutuma greda. Miaka kumi na moja nilikuwa nikiificha familia yangu. Nilikuwa nimeificha vizuri.

"Hakuna njia nyingine?" nikauliza.

"Iko moja. Mwandaaji akiwa na maslahi binafsi na akayaficha. Wakazi wanaandika barua, wanamtaja kwa jina, wanaeleza anakaa wapi. Hapo marekebisho yanabatilika siku hiyohiyo, na barabara inarudi kwenye kanuni kama ilivyokuwa." Alipuliza unga wa penseli. "Ila ziwe hazijapita siku ishirini na moja tangu tangazo libandikwe. Hii inaisha kesho saa nne asubuhi."

"Na yeye?"

"Nani?"

"Huyo mwandaaji."

"Ah, huyo. Huyo anafukuzwa bila mafao, anakwenda kukaa nyumbani kwake."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshaandaa sentensi, nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima. Kilichotoka ni hiki: "Chai yako itapoa, Mkuu."

Nikarudi chini. Nikakaa mbele ya karatasi tupu hadi saa nane. Nina miaka arobaini na minane. Kazi ninayoijua ni kuchora barabara zisizojengwa, na hakuna anayeniulizia mjini kwa ujuzi huo. Mshahara wangu ndio unaolisha kila mtu kwenye nyumba ile. Nikisema, nyumba inapona na sufuria inalala tupu. Nikinyamaza, sufuria inachemka, lakini sijui tutaipikia wapi. Nilitoka kazini mapema, nikisingizia tumbo lilelile.

Nikakuta nyumba imejaa tena. Nyuso zilezile zilizosema amina, safari hii zimejipanga pande mbili za mstari mwekundu. Mwenye duka alikuwa amesimama kwa sabuni, mke wake kwa misumari.

"Afadhali umekuja," mke wangu alisema, akanisukumia karatasi na kalamu. "Tunaandika barua. Jirani yetu ana mtoto wake karani wa mahakama, amesema tumtaje aliyeandaa, na ifike kesho asubuhi. Wewe una mwandiko mzuri. Kaa."

Nikakaa. Nikainyoosha karatasi juu ya goti.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, amevaa kitenge cha kwendea msibani. "Andika," aliniamuru. "Sisi wakazi wa Barabara Namba Kumi na Nne."

Nikaandika.

"Tumekaa hapa miaka thelathini na barabara yetu, haijatugombeza."

"Ndiyo!" wakaitika.

"Kuna mtu ameifuta. Mtu huyo hana haya. Umeandika hana haya?"

"Nimeandika, Mama."

"Andika hana mama."

Kalamu ikasita. "Mama, hilo baraza halitalikubali."

"Basi andika anaye, lakini hakumsikiliza." Akavuta pumzi. "Na andika ile dua niliyomwombea, nimeirudisha yote. Ile ya mikono nimeirudisha kwanza."

"Amina!" wakasema, na mimi midomo yangu ikacheza pamoja nao.

Mkono uliniuma, sijui kwa dua au kwa kubana kalamu. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, kiganja chake begani kwangu. Miaka mingi hakunishika bega mbele za watu. "Mnaona," aliwaambia majirani, "leo mume wangu amekuwa wa faida."

"Malizia sasa," mama mkwe alisema. "Andika: aliyefanya haya alikuwa na maslahi yake, na akayaficha. Karani amesema tuweke hivyohivyo. Halafu chini weka jina lake na mahali anapokaa. Wewe uko chumba hichohicho cha chini, mwanangu. Mko wanne tu. Unamjua."

Ng'ambo ya ukuta mashine ya misumari ilikuwa inagonga, tak, tak, tak.

"Namjua, Mama," nikasema.

"Basi mwandike. Usimwonee huruma."

Nikaandika. Niliandika jina lake kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho, na chini yake: nyumba ya sita, Barabara Namba Kumi na Nne. Nikaweka kalamu chini.

Mama mkwe alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akakata tamaa. "Miwani yangu siioni. Mama Pacha, tusomee. Kwa sauti, wote wasikie walichokisema."

Mke wangu aliitoa karatasi mkononi mwa mama yake, akasimama juu ya mstari, akaanza. Ana sauti ya kusoma, mke wangu. Kila sentensi waliishangilia. Hana haya! Wakapiga makofi. Anaye mama, lakini hakumsikiliza! Mwenye duka akapiga mluzi. Alikuwa na maslahi yake, na akayaficha! Mama mkwe akapiga goti lake kwa ngumi.

Kisha macho ya mke wangu yakashuka mstari mmoja. Akakatiza. Akausoma tena kimya, midomo ikicheza. Makofi yakaisha moja moja.

"Baba Pacha," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe nilisikia sauti yake ikishuka, "hapa umetia saini, au umemtaja mtu?"